Sanduku la Ndege la Uani

Jumatatu, 2 Oktoba

Naanza kwa jina lake Mola, ambaye hamsahau kiumbe kwa udogo wake. Rehema na amani zimfikie Mtume wake na jamaa zake. Na salamu zangu zikufikie wewe utakayelifungua daftari hili, uwe mwanangu, mjukuu wangu, au mgeni uliyelikuta kabatini likiwa na vumbi. Mimi ni mzee niliyefundisha dini kwa miaka arobaini na mmoja. Sasa nimestaafu, na macho yangu yameanza kuchoka na maandishi madogo, lakini bado yananitosha kutazama uani.

Nina sababu ya kuandika. Mwezi uliopita niliukata mti uliokauka nyuma ya jiko, kwa kuchelea usituangukie paani. Ndani ya tundu la mti ule walikuwa wakizaa ndege wadogo, weusi tii, wenye ukanda mweupe begani. Jina lao silijui. Nimewauliza watu saba, nao hawalijui. Mke wangu alikaa siku tatu bila kunisemesha ila la lazima. Siku ya nne akasema, "Umewavunjia nyumba waliokuwa wakiniamsha kwa sala vizuri kuliko hiyo saa yako. Sasa wajengee."

Mimi kujenga sijui. Ajuaye ni mwanangu, kitindamimba wetu, seremala. Lakini mwezi wa tatu msumeno wa umeme ulimkata vidole viwili vya mkono wa kulia, cha shahada na cha kati, na tangu siku hiyo hajaikanyaga karakana. Mwenzake wa kazi amemwekea meza yake hadi mwisho wa mwaka. Mwaka ukiisha hajarudi, meza itapewa mtu mwingine. Mama yake alimwendea chumbani na mabaki ya mbao, akamwambia, "Sikuombi unifanyie mimi. Wafanyie ndege." Alikataa siku mbili. Siku ya tatu nikasikia msumeno wa mkono ukikwaruza barazani, polepole, kama mtoto anayesoma alifu.

Leo ameleta sanduku. Lina paa la bawaba na tundu la mviringo upana wa vidole viwili. Nje limepigwa randa vizuri, bali ndani mbao zimeachwa na makovu ya msumeno. Nilipopitisha mkono, kibanzi kikanichoma.

"Mwanangu," nikamwambia, "upande wa nje wanauona watu, upande wa ndani anauona Mungu. Kazi ifanywe vyema hata pasipoonekana."

"Baba, hao ni ndege."

"Hata wangekuwa sisimizi."

Akalichukua sanduku lake, akaondoka nalo.

Alhamisi, 5 Oktoba

Amelirudisha. Ndani pamepigwa randa, pakapigwa msasa, kisha vanishi mara mbili, na pamekauka. Panang'aa kama sahani. Nikasema, "Hii ndiyo kazi." Akatabasamu, na sikumbuki nimeliona tabasamu lile tangu Machi.

Tulipokwisha kulitundika ukutani akasema, "Baba, nimeshaamua. Wakikaa wakazaa, wana wao wakaruka, nitarudi karakana. Wasipokaa, nitajua mlango umefungwa."

Nikamkemea. Nikamweleza kuwa watu wa ujinga wa kale walikuwa wakimrusha ndege: akienda kulia walisafiri, akienda kushoto walibaki nyumbani, na kwamba dini imekuja kutukataza kupiga fali kwa mbawa za kiumbe asiyejua hata lake la kesho. Akanisikiliza hadi mwisho, kwa adabu.

"Basi wewe usitazame, Baba."

Nimetazama tangu alasiri. Hawakuja.

Jumamosi, 7 Oktoba

Manyunyu. Hakuna ndege.

Jumatatu, 9 Oktoba

Hakuna.

Jumatano, 11 Oktoba

Shomoro mmoja mnene amelijaribu tundu. Kichwa kiliingia, kifua kikakataa. Akabaki akipiga mbawa nusu saa ya aibu. Mke wangu amecheka hadi akashika ukuta. "Huyo ni wewe," akasema, "na kanzu yako ya harusi."

Ijumaa, 13 Oktoba

Wamekuja. Dume ametangulia. Alikaa juu ya paa la sanduku, akainama, akachungulia, akaruka, akarudi. Ameingia na kutoka mara kumi na saba, na mara nyingine alitoka akakaa kimya kama hakimu anayepima ushahidi. Ndipo akamwita mwenzake kwa sauti nyembamba yenye kupanda. Jike aliingia akakaa ndani muda mrefu, na dume akamngoja nje bila kumharakisha. Nimekutana na wanaume wengi wa kuposa, wachache wao wenye subira hii.

Jioni nilimwona mwanangu ameuegemea mlango wa chumba chake, akitazama juu.

Jumapili, 15 Oktoba

Wanajenga. Niseme kweli: anajenga jike. Yeye ndiye anayebeba majani laini ya ukutani, nywele, na nyuzi. Dume humsindikiza kwenda na kurudi, mdomo mtupu, akiimba.

"Huyo namjua," mke wangu akasema, akaendelea kuchambua mchele.

Jumatano, 18 Oktoba

Jirani yetu, fundi cherehani, amekuja kushtaki. Anashonea mito barazani kwake, na pamba yake inapungua.

"Maalim, ndege zako ni wezi."

"Si ndege zangu."

"Wanalala kwako, wanakula kwako, wanaimba kwako, ila wakiiba hawana mwenyewe!"

Nikamwonyesha jike akiingia na kishungi cha pamba kikubwa kuliko kichwa chake. Fundi akalitazama tundu, kisha akauliza taratibu kama rangi ya pamba ina maana kwao, kwa sababu anayo nyeupe zaidi.

Jumatatu, 23 Oktoba

Mwanangu amefunga kioo cha mkono cha mama yake kwenye kijiti, ili tukiinua paa kidogo tuone ndani bila kuingiza mkono. Yai moja. Jeupe, lenye madoa mekundu kama lililonyunyiziwa wino. Limefunikwa pamba. Jike amelifunika mwenyewe kabla ya kutoka, na sikumwona mtu aliyemfundisha.

Alhamisi, 26 Oktoba

Yai moja kila asubuhi, bila kuchelewa. Leo ni manne, na leo ndipo alipoanza kuatamia. Hakuatamia lile la kwanza alipokuwa analo peke yake. Amengoja yatimie, ili wanawe wazaliwe pamoja na asiwepo mkubwa wa kumlia mdogo chakula. Nimeishi miaka sabini na minne nikidhani hesabu ni jambo la vitabuni.

Sasa dume anafanya kazi. Humletea mkewe mdudu, humwita, humtia mdomoni. Nimemwomba radhi moyoni kwa niliyoyaandika tarehe 15.

Ijumaa, 3 Novemba

Mvua kubwa usiku kucha, lakini sanduku halikuvuja tone.

Baada ya sala ya Ijumaa fundi cherehani alipanda kigoda, akalitegea sikio sanduku. Ghafla akaruka chini, utepe wake wa kupimia ukipepea shingoni.

"Nyoka! Maalim, umefuga nyoka! Amenifokea!"

Mwanangu akainua paa kidogo, akatazama kwa kioo chake. Jike yuko pale pale juu ya mayai, mbawa amezitandaza, akifoka "hsss" kwa kishindo kisicholingana na mwili wake. Nyoka hakuwepo.

"Mwili kama ndimu," mwanangu akasema, "na amemkimbiza mtu mwenye cherehani tatu."

"Cheka," fundi akajibu akivaa kiatu kilichomvuka. "Wewe ulivyokuwa mdogo ulimkimbia kuku."

Walicheka wote wawili. Nilikuwa nimeisahau sauti ya kicheko cha mwanangu.

Ijumaa, 10 Novemba

Wametotolewa, wote wanne. Hawana manyoya, hawana macho, hawana ila midomo. Mama yao alibeba maganda ya mayai akayatupa mbali, ng'ambo ya ukuta, asije adui akayaona chini ya mlango akajua kuna watoto.

Jumamosi, 18 Novemba

Nimehesabu kwa tasbihi, na Mola anisamehe kama nimeitumia visivyo. Kwa saa moja, wazazi wale wameleta viwavi na wadudu mara thelathini na moja. Na kila baada ya kulisha, kinda hugeuka na kutoa uchafu wake katika kifuko cheupe chenye ngozi, na mzazi hukichukua na kwenda kukitupa mbali. Nyumba ya watoto wanne, haina harufu! Nilikuwa nikiwafundisha vijana mlango wa twahara kwa wiki sita, na mwishoni wapo waliofeli.

Jumamosi, 25 Novemba

Makinda yamefungua macho na kuota mbawa.

Leo nataka kuandika juu ya mwanangu, kwa kuwa usoni pake sitaweza kuyasema. Nilimtaka awe msomi. Alipoacha vitabu akashika randa, sikumkataza, wala sikumbariki; nilinyamaza, nikamhesabu kuwa mmoja aliyeniponyoka. Kwa miaka kumi na mbili sijaingia karakana yake hata siku moja. Mwezi huu nimekaa naye kila alfajiri chini ya sanduku. Anaandika kwenye kipande cha ubao, kwa mkono wa kushoto: saa ngapi wameanza kulisha, mvua ilinyesha kutoka upande gani, tundu lilipokea maji au la. Hasemi asilokuwa na hakika nalo. Nilikuwa na wanafunzi mia kadhaa, na wenye tabia hiyo nawahesabu kwa mkono mmoja.

Jumamosi, 2 Desemba

Siku ya ishirini na mbili tangu watotolewe. Wazazi hawaingii tena kama zamani. Wanakaa juu ya ukuta na viwavi mdomoni, wanaita. Mwanangu anasema wanawaita watoke.

Hakutoka hata mmoja.

Jumapili, 3 Desemba

Hakutoka.

"Kesho, Baba?" aliniuliza. Nikasema, "Inshallah, kesho." Kisha nikagundua kuwa tangu alfajiri sijaomba dua ila ya ndege, na kwamba niliyemkemea mwanangu kwa fali nimekuwa mpiga fali mkubwa kuliko yeye.

Jumatatu, 4 Desemba

Leo nimeona kosa, na kosa ni langu.

Mwanangu alikwenda zahanati kunyooshwa mkono. Wazazi wa makinda waliita tangu mapambazuko, na ndani ya sanduku nikawa nasikia sauti ambayo siku mbili hizi niliidhania ni mchezo: mruko, mkwaruzo, kisha kishindo kidogo. Mruko, mkwaruzo, kishindo. Nikainua paa, nikatazama kwa kioo. Watatu walikuwa wakirukia tundu. Kucha zao zinagusa ubao, zinateleza, wanaanguka. Katika vanishi kuna mistari myembamba ya kucha zao, mamia, na yote imekomea kiasi cha kidole gumba chini ya tundu. Wa nne amekaa pembeni, ameacha kuruka.

Ukuta ule ni laini kama sahani. Mimi ndiye niliyeutaka uwe hivyo.

Naandika yaliyofuata bila kuyapamba. Nilikwenda chumbani kwa mwanangu nikachukua patasi, nikapanda kigoda. Nilikusudia kuukwaruza ukuta kabla hajarudi, ndege watoke, na yeye asijue kamwe kwamba kazi yake ya kwanza baada ya msiba iliwafunga viumbe. Mke wangu akatokea mlango wa jiko.

"Patasi ya mwanao inafanya nini mkononi mwako?"

Nikamweleza.

"Na akikuuliza?"

"Nitanyamaza."

"Miaka arobaini na mmoja," akasema, "ukiwaambia watoto wa watu kwamba kuna kunyamaza kwingine ni uongo uliovaa kilemba. Shuka. Mngoje mwenye kazi yake."

Nikashuka.

Aliporudi nilimkabili mlangoni. "Mwanangu, ndani panateleza. Hawawezi kupanda. Wewe ulipaacha na makovu, mimi nikakurudisha. Kosa si lako."

Alipanda, akatazama kwa kioo muda mrefu. Nilimtazama mgongo tu. Nilidhani atalitupa lile sanduku, au atarudi chumbani na kufunga mlango kama Machi. Akashuka.

"Kwa hiyo lile la kwanza lilikuwa sawa?"

"Lilikuwa sawa."

"Baba, lile la kwanza niliacha vile kwa sababu mkono uliniuma. Sikujua lolote la kucha." Kisha akaanza kucheka, taratibu, akiutikisa ule mkono wake. "Nyumba gani? Nimewatengenezea kabati la vyombo!"

Mama yake akacheka pia, huku akijifuta macho kwa pembe ya khanga.

Tukashauriana. Mke wangu alitaja kipande cha gunia. Mwanangu akasema nyuzi zitawafunga kucha. Mimi nikataja kijiti. Akasema kitageuka wakikipanda. Patasi haifai kutumika ndani, kwa kuwa vibanzi vitawaangukia na vishindo vitawaua kwa hofu. Kinachotakiwa ni ubao mwembamba kama rula, wenye pengo pengo, uingizwe chini ya tundu uwe ngazi. "Na ubao wa wembamba huo," akasema, "haukatwi kwa mkono. Unachanwa kwa msumeno wa mezani."

Ni msumeno ule ule uliomkata. Nilifikiri huenda kijiti kingetosha kikifungwa vizuri. Sikusema.

"Nitakwenda nawe," nikamwambia.

Karakana yao ni chumba kirefu chenye harufu ya mbao mbichi. Mwenzake alipotuona alisimamisha kazi, akapangusa vumbi kwenye meza moja iliyokuwa wazi. Msumeno ulikuwa katikati.

"Nikuchanie?" mwenzake akasema.

"Hapana. Wewe washa tu."

Ulipowaka, mwanangu alirudi nyuma hatua moja. Jasho lilimtoka. Mwenzake akazima, akangoja, akajifanya anatafuta penseli. Mwanangu akavuta pumzi, akachukua kijiti cha kusukumia ubao, akakikamata kwa vidole vitatu vilivyobaki. "Washa." Nilisoma kila nilichokijua. Ubao uliingia, ukalia, ukatokea upande wa pili mwembamba kama jani, na kazi yote ilikuwa fupi kuliko dua yangu. Alipozima mwenyewe, mwenzake akasema, "Umechelewa miezi tisa, na hata chai hukuleta." Mapengo aliyakata kwa patasi, ubao ukiwa umebanwa mezani, mkono wa kushoto ukiongoza.

Tulirudi jua likizama. Aliziba tundu kwa kitambaa, akainua paa, akateremsha ngazi ile mpaka ikakaa chini ya tundu. Makinda yalijilaza, hayakulia. Akaondoa kitambaa, akashuka, akatawadha, tukasali.

Jumanne, 5 Desemba

Saa moja na dakika kumi asubuhi kichwa kilitokea tunduni. Kikatazama kulia, kushoto, kikajirudisha. Jike akasogea na kiwavi, asikifikishe. Kichwa kikatoka tena, na mwili wote ukakifuata, hadi ukutani. Wa pili hakungoja. Wa tatu alianguka katika beseni la nguo, akatoka amelowa na ghadhabu, mke wangu akimtukuza Mungu.

Wa nne hakutoka. Ni yule aliyekaa pembeni. Dume aliendelea kumletea chakula mpaka jioni.

Jumatano, 6 Desemba

Baada ya sala ya alfajiri nilikwenda chini ya sanduku. Kigoda cha mwanangu kilikuwa kitupu. Chumbani hayupo.

"Ameondoka," mama yake akasema. "Amekunywa chai amesimama, akachukua sanduku la zana."

"Hakungoja wa nne?"

"Nilimwuliza hivyo hivyo. Amesema, 'Akitoka mshukuruni Mungu, asipotoka mwinulieni paa. Mimi kuna meza ya kulia chakula inaningoja, na mteja wake ni mkali.'"

Nikabaki peke yangu kwenye kigoda, mzee mwenye tasbihi, nikingoja ndege ambaye hakuna jambo tena linalomtegemea ila maisha yake mwenyewe. Na nilipoyaona hayo, nilimtazama kwa mara ya kwanza kama alivyo. Saa nne kasorobo alipanda. Nilisikia kucha zikishika ubao, pengo kwa pengo, akipumzika katikati. Alikaa tunduni muda mrefu, mdogo kuliko nduguze, unyoya mmoja wa kichwa umesimama wima. Kisha akaruka, vibaya, akafika.

Nilivaa viatu ili niende karakana kumwambia mwanangu. Nilipofika mlangoni kwa fundi cherehani nikasimama, nikamweleza yeye badala yake, nikarudi nyumbani. Kijana yuko kazini. Habari hii itamkuta jioni, akila.

Nawe uliyesoma hadi hapa, Mola akuhifadhi wewe na kila aliye chini ya paa lako. Riziki yenu iwe ya halali na yenye kutosha, wagonjwa wenu wapone, na wanenu wakiinuka kutoka, awape mahali pa kushika, nanyi awape moyo wa kuwaacha. Amin.